Manute Bol: Mchunga ng'ombe wa Turalei aliyefika NBA na kurudi nyumbani mikono mitupu

Kijana mrefu akipita katika soko la Konyo Konyo hapa Juba, si ajabu kusikia mchuuzi akimwita Manute. Wengi wanaolitaja jina hilo hawakumwona mwenyewe akicheza. Wengine walizaliwa kambini Kakuma au Adjumani wakati yeye ameshaacha mchezo, na wanachokijua ni kwamba alikuwa mrefu sana na alicheza mpira wa kikapu Marekani. Hayo ni kweli, lakini ni sehemu ndogo ya habari yake.

Manute Bol alifariki dunia tarehe 19 Juni 2010 katika hospitali mjini Charlottesville, jimbo la Virginia nchini Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 47 kwa mujibu wa hati zake. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na siku chache tu Sudan Kusini ipate uhuru, nchi aliyoitolea karibu kila senti aliyoipata. Wakati wazazi wengi waliorejea wanatazama watoto wao warefu na kuota NBA, ni vyema kuitazama upya safari ya yule aliyewatangulia, tangu viwanja vya vumbi vya Wau hadi ligi ndogo za Marekani, kisha ligi kuu, kisha kurudi chini tena.

Utoto wa Turalei

Hati zinaonyesha kwamba alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962. Tarehe hiyo iliandikwa ukubwani, maana katika vijiji vya Wadinka wa wakati ule watu walihesabu miaka kwa mafuriko na ukame, wala hapakuwa na karani wa kuandika vizazi. Kwao ni Turalei, eneo la Twic, ambalo leo liko katika Jimbo la Warrap. Jina Manute lina maana ya baraka ya pekee.

Urefu ulikuwa wa ukoo. Babu yake, Bol Chol, alikuwa chifu mwenye heshima na ng'ombe wengi, na inaelezwa kuwa urefu wake ulikaribia meta 2.40. Baba na mama nao walikuwa warefu kupita kawaida. Manute mwenyewe alipopimwa Marekani alionekana kuwa na meta 2.31, yaani futi 7 na inchi 7. Aliponyoosha mikono yote miwili kwa upana, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole ilikuwa kama meta 2.59. Aliweza kuigusa ringi ya kikapu, iliyo meta 3.05 kutoka chini, bila kuruka.

Kama vijana wenzake alichunga ng'ombe. Alichorwa chale kichwani na kung'olewa meno ya chini ya mbele kwa mila za kwao. Mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyomuua kwa mkuki simba aliyekuwa akiwasumbua ng'ombe, na hakuona haya kuongeza kwamba simba huyo alimkuta amelala. Waandishi wa Marekani waliishikilia sana hadithi hiyo, wakaandika kana kwamba maisha yake yote yalikuwa simba na mkuki.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kandanda, lakini urefu ukamshinda. Alipofikia ujana ndipo alipoelekezwa kwenye mpira wa kikapu, kwanza mjini Wau, baadaye Khartoum. Kocha wa shule hakuwapo katika maisha yake, maana shule yenyewe hakuwa nayo. Mchezo alijifunza kwa kuangalia na kujaribu. Mara ya kwanza alipojaribu kudanki, yaani kuusukumiza mpira kikapuni kwa mkono akiwa juu, aligonga mdomo kwenye ringi na kuvunja meno.

Khartoum haikumpokea kwa mikono miwili. Kijana mweusi kutoka Kusini, mwenye chale na mrefu kama mnazi, alichekwa njiani na kudharauliwa. Hata hivyo uwanjani hakuna aliyeweza kumcheka. Alichezea klabu ya Wakatoliki mjini humo, kisha akaitwa katika timu ya taifa ya Sudan. Hapo ndipo bahati ilipomwona.

Pasi iliyopimwa mtu akiwa ameketi

Mwaka 1982 kocha wa Kimarekani aitwaye Don Feeley, aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Fairleigh Dickinson, alifika Sudan kuinoa timu ya taifa. Alipomwona Manute hakuamini macho yake. Alimshawishi aende Marekani, na mwaka uliofuata, 1983, kijana wa Turalei akapanda ndege.

Wafanyabiashara wetu wanaovuka Nimule na Kaya, wanaojua adha ya makaratasi, watakielewa kilichofuata kuliko waandishi wa Marekani walivyokielewa. Pasi ya Manute ilisema urefu wake ni futi 5 na inchi 2. Alipoulizwa, alieleza kwamba maofisa walimpima akiwa ameketi. Umri nao ulikuwa wa kukadiria. Hakuwa na cheti cha shule wala cheti cha kuzaliwa cha kuaminika, na Kiingereza hakukijua.

Juni 1983 timu ya San Diego Clippers ilimchagua katika duru ya tano ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Ligi ikaufuta uteuzi huo kwa sababu hakuwa amejiandikisha kwa muda uliowekwa. Akabaki Cleveland, jimbo la Ohio, ambako Chuo Kikuu cha Cleveland State kilitaka kumsajili. Alisomeshwa Kiingereza kwa miezi kadhaa, lakini masomo yake hayakutosha kumwingiza chuoni hapo, na hakuichezea timu hiyo hata mechi moja. Mwaka 1988 chuo hicho kiliadhibiwa na chama cha michezo ya vyuo kwa misaada iliyotolewa kwake na kwa vijana wengine wa Kiafrika kinyume cha kanuni.

Mwaka huo huo wa 1983, mwezi Mei, risasi za kwanza za vita vipya zililia huko Bor. Kijana aliyeondoka nyumbani akifikiri atarudi kuwasalimu wazee wake aliona njia ikifungwa nyuma yake. Msomaji aliyetoka Sudan Kusini akitarajia kukaa Uganda miezi mitatu na akakaa miaka kumi na mitano anaijua hali hiyo.

Chuo kidogo, ligi ndogo

Milango mikubwa ilipofungwa, akaingilia mlango mdogo. Mwaka 1984 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, kilichokuwa katika daraja la pili la michezo ya vyuo. Kocha wake alikuwa Bruce Webster. Ukumbi wa chuo ulikuwa na viti takriban 1,800 na kwa kawaida vingi vilikuwa vitupu. Manute alipoanza kucheza, tiketi zikaisha.

Katika msimu huo mmoja, 1984 hadi 1985, alifunga wastani wa pointi 22.5 kwa mechi, akadaka ribaundi 13.5 na kuzuia mitupo 7.1. Timu ilishinda mechi 26 na kufungwa 6, ikaingia katika mashindano ya kitaifa ya daraja lake. Kwa mtu aliyekuwa amegusa mpira wa kikapu kwa miaka michache tu, hayo hayakuwa mafanikio madogo.

Lakini alihitaji fedha. Nyumbani kulikuwa na ndugu wa kulishwa na vita vilikuwa vinazidi kukaribia. Mei 1985 aliondoka chuoni na kusaini mkataba wa dola 25,000 na timu ya Rhode Island Gulls. Timu hiyo ilikuwa katika ligi ndogo iliyoitwa USBL, iliyokuwa imeanza mwaka huo huo na kucheza wakati wa kiangazi NBA ikiwa mapumzikoni. Humo walikuwamo wachezaji walioachwa na timu kubwa na vijana waliosubiri kuonekana. Mwenzake mmoja alikuwa Spud Webb, mwenye urefu wa kama meta 1.70 tu, ambaye mwaka uliofuata aliwashangaza watu kwa kutwaa ubingwa wa kudanki wa NBA.

Ligi ndogo hazipendwi kuzungumzwa na vijana wetu. Kila mmoja anataka kuruka kutoka uwanja wa mtaani moja kwa moja hadi Chicago au Los Angeles. Manute hakuruka. Alipitia chuo kisicho na jina na ligi isiyo na fedha, na hapo ndipo wakaguzi wa timu kubwa walipopata nafasi ya kumtazama akikabiliana na watu wazima. Wiki chache baada ya kusaini na Gulls, mwezi Juni 1985, Washington Bullets walimchagua katika duru ya pili, akiwa mtu wa 31.

Mtu wa kuzuia

Bullets walimpokea mtu mwenye meta 2.31 na uzito usiofika kilo 95. Walihofia atavunjika. Wakampeleka kwa mwalimu wa mazoezi ya nguvu huko Maryland, akalishwa na kunyanyua vyuma kiangazi kizima. Hakunenepa sana, lakini alisimama.

Msimu wake wa kwanza, 1985 hadi 1986, aliweka rekodi ambayo hakuna mgeni mwingine wa ligi hiyo aliyeifikia tangu hapo: alizuia mitupo 397, karibu 5 kwa kila mechi. Tarehe 25 Januari 1986, dhidi ya Atlanta, alizuia mitupo 15 katika mechi moja. Februari 1987 alirudia idadi hiyo hiyo dhidi ya Indiana. Wachezaji waliozoea kuingia chini ya ringi na kufunga kwa raha walianza kugeuka njiani.

Msimu wa 1987 hadi 1988 Bullets walimsajili pia Muggsy Bogues, mwenye meta 1.60, aliyekuwa mfupi kuliko wote katika ligi. Picha ya wawili hao wakiwa wamesimama pamoja ilisambaa dunia nzima. Watu walicheka, na klabu iliuza tiketi.

Mwaka 1988 alihamia Golden State Warriors huko California. Kocha Don Nelson alimruhusu jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kutupa mpira kutoka mbali, nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mitupo mingi haikuingia, lakini uwanja mzima ulisimama kila alipouinua mpira juu ya kichwa. Msimu huo aliongoza tena ligi nzima kwa kuzuia mitupo, mara hii 345. Kuanzia 1990 alikuwa Philadelphia 76ers, alikocheza na Charles Barkley. Tarehe 3 Machi 1993, Barkley akiwa ameshahamia Phoenix Suns, Manute aliikaribisha timu hiyo kwa kutia mitupo 6 ya pointi tatu katika kipindi kimoja cha pili.

Alimaliza NBA mwaka 1995, baada ya kupita pia Miami Heat na kurudi kwa muda katika timu zake za zamani. Hesabu yake ni mechi 624, mitupo aliyozuia 2,086, na pointi alizofunga 1,599. Hadi leo yeye ndiye mchezaji maarufu pekee wa ligi hiyo aliyezuia mingi kuliko alivyofunga. Kazi yake ilikuwa kulinda nyumba, si kwenda kuvamia ya wengine.

Fedha zilikwenda wapi

Katika miaka yake mizuri Manute alilipwa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Mfanyabiashara atauliza mara moja: zilikwenda wapi? Jibu ni kwamba nyingi zilirudi nyumbani. Inakadiriwa kuwa alitoa kama dola milioni 3.5 kwa ajili ya watu wa Kusini: chakula na misaada kwa wakimbizi, nauli na ada za ndugu, na pia msaada kwa harakati za SPLA. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kutembelea kambi za wakimbizi, na huko alipokewa kama mfalme. Washington alizunguka katika ofisi za wanasiasa akieleza juu ya vita ambavyo wengi hawakuvijua. Alieleza kwamba jamaa zake wapatao 250 waliuawa katika vita hivyo.

Kuna wanaosema alikosea, kwamba angewekeza kwanza ndipo agawe. Kuna pia wanaouliza kama ilifaa fedha ya mchezo kuingia katika vita. Maswali hayo ni ya haki na hayatakwisha leo. Wala Manute hakuwa malaika: ndoa yake ya kwanza ilivunjika na mipango yake ya biashara haikusimama. Lakini aliyewahi kupokea simu usiku kutoka kwa shangazi aliye kambini, akisema watoto hawajala, anajua kwamba hesabu ya uwekezaji haifanywi kirahisi hivyo. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na Manute hakutaka kuwa mtumwa wa dola.

Mikono na magoti yalipoanza kuuma kwa baridi yabisi, alirudi tena alikotoka. Msimu wa 1995 hadi 1996 alicheza mechi 22 na Florida Beach Dogs katika ligi ndogo ya CBA. Baadaye alijaribu kwa muda mfupi Italia na Qatar. Akastaafu akiwa na mwili uliochoka na mfuko uliopungua.

Mtego wa Khartoum

Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya Khartoum kutia saini mkataba na baadhi ya makundi ya Kusini mwaka 1997, Manute alirudi Sudan akiamini anaweza kusaidia amani. Kwa maelezo yake, serikali ilimpa nafasi ya kuwa Waziri wa Michezo, kisha ikamwekea sharti la kusilimu. Yeye alikuwa Mkristo, akakataa. Uwaziri ukapotea, na ruhusa ya kutoka nchini nayo ikawa ngumu.

Hali ilizidi kuwa mbaya Agosti 1998, Marekani ilipokishambulia kwa makombora kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum. Mtu aliyeishi Marekani miaka mingi akatazamwa kama jasusi, na hapo hapo akashukiwa kuwa mtu wa SPLA. Mamilioni yalikuwa yamekwisha, na yeye na familia yake waliishi kwa shida. Mwanawe Bol Bol alizaliwa huko Novemba 1999.

Mwaka 2001 marafiki wa Connecticut, wakisaidiwa na Seneta Joseph Lieberman, waliwezesha familia kutoka. Walifika Cairo, wakasubiri makaratasi kwa miezi kadhaa, na mwaka 2002 Marekani ikampokea kama mkimbizi. Mtu ambaye picha zake zilikuwa ukutani katika vyumba vya watoto wa Marekani aliingia nchi hiyo kwa mara ya pili kwa mlango ule ule wanaopitia watu wa kambini.

Kuchekwa kwa ajili ya wengine

Kilichofuata ndicho kinachowaumiza wengi waliompenda. Mei 2002 alipanda ulingoni katika kipindi cha televisheni cha ndondi za watu maarufu na kupigana na William Perry, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani aliyekuwa mnene mno. Alishinda kwa pointi. Novemba 2002 timu ya mpira wa magongo ya barafuni, Indianapolis Ice, ilimsajili ingawa hakujua kuteleza juu ya barafu. Mwaka 2003 alipewa leseni ya mpanda farasi wa mashindano na kuvishwa mavazi yake.

Ulikuwa mzaha mtupu, naye alijua hivyo. Lakini aliukubali kwa bei. Alipopigana na Perry, sharti lake lilikuwa televisheni ionyeshe namba ya simu ya mfuko wake wa misaada, Ring True, ili watazamaji wawachangie wakimbizi wa Sudan. Kama Wamarekani walitaka kumcheka, basi walipe, na malipo yaende Kusini. Wapo walioona aibu kwa niaba yake. Yeye mwenyewe alichagua, na alijua kwa nini.

Julai 2004 teksi aliyopanda ilipata ajali huko Connecticut. Akavunjika mfupa wa shingo na kulazwa kwa wiki kadhaa. Hakutembea tena sawasawa. Marafiki na wachezaji wa zamani walichangishana kumsaidia, na baadaye akahamia Olathe, jimbo la Kansas.

Shule chini ya mti

Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wengi wenu mlianza kufunga mizigo wakati huo. Manute naye alirudi kuiona Turalei, akakuta watoto wakisoma chini ya miti, bila madawati wala paa. Yeye ambaye hakupata shule, na aliyekwama Cleveland kwa kukosa masomo, aliona hapo ndipo pa kuweka nguvu zake zilizobaki. Akishirikiana na shirika dogo la Marekani liitwalo Sudan Sunrise, alianza mpango wa kujenga shule 41 katika Kusini yote. Ya kwanza ilianza kujengwa Turalei.

Lililo kubwa zaidi ni watu aliowakubali kuijenga. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu kutoka Darfur. Katika miaka ya vita, vijana wengi wa Darfur waliandikishwa katika jeshi la Khartoum na kutumwa kupigana Kusini. Manute aliyezika jamaa 250 alikuwa na kila sababu ya kuwafukuza. Badala yake alifanya kazi nao, akatetea haki za Darfur hadharani, na kutaka katika shule hizo watoto wasomeshwe pamoja bila kujali dini wala kabila.

Mwishoni mwa 2009 alisafiri kuja kuangalia maendeleo ya shule. Aliombwa na Rais Salva Kiir abaki hadi uchaguzi wa Aprili 2010, ili sauti yake iwasaidie watu kupiga kura kwa uaminifu. Alibaki ingawa afya yake ilikuwa imezorota. Alipata ugonjwa wa figo, na dawa alizopewa zikamletea madhara makali ya ngozi yaitwayo ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambayo yalimchubua hata mdomo na koo, asiweze kula. Alifika Marekani akiwa hoi na hakupona.

Misa ya kumuaga ilifanyika katika Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington tarehe 29 Juni 2010. Kisha mwili ukasafirishwa hadi Turalei, ukazikwa karibu na kaburi la babu yake, Chifu Bol Chol. Januari 2011 wananchi walipiga kura, karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 bendera ikapandishwa hapa Juba. Yeye hakuiona.

Waliofuata

Wakati wa vita, familia moja kutoka Wau ilikuwa ukimbizini Misri. Manute alipofika huko aliwafundisha watoto wa familia hiyo mpira wa kikapu. Mmoja wao aliitwa Luol Deng. Mwaka 2004 alichaguliwa wa 7 katika uteuzi wa NBA, akaichezea Chicago Bulls kwa miaka mingi, na mwaka 2019 akachaguliwa kuongoza shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Mwaka 2019 huo huo Bol Bol, mtoto aliyezaliwa katika siku za dhiki Khartoum, naye aliingia NBA.

Tarehe 28 Julai 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Ufaransa, timu ya taifa ya Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79. Siku nane kabla, mjini London, ilikuwa imefungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Wengi wa wachezaji hao walikuwa watoto wa wakimbizi, waliojifunza mchezo Kenya, Uganda, Misri au Australia. Nchi iliyorudi vitani Desemba 2013 na tena Julai 2016, ambayo watu wake walivuka Nimule kwa miguu mara mbili, ilisahau makabila kwa saa mbili ikitazama mpira.

Kwa mzazi aliyerejea na ana kijana mrefu nyumbani, maisha ya Manute yana mafunzo mawili yasiyopendeza kusikia. La kwanza ni kwamba urefu peke yake haukumtosha hata yeye. Kukosa shule kulimgharimu Cleveland, kukosa kufuata taratibu kulimgharimu San Diego, na aliokolewa na chuo kidogo na ligi ndogo ambayo wengine waliidharau. Wakala akija na ahadi ya ndege na NBA, mwulizeni kwanza kijana atasoma wapi, na nani atatia saini makaratasi yake.

La pili linawahusu wote, wawe na watoto warefu au wafupi. Manute alipata mamilioni akayamaliza, na jambo alilolihangaikia mwishoni, akiwa na shingo iliyovunjika na figo zinazokufa, lilikuwa paa la darasa kwa watoto wasio wake, likijengwa na mikono ya watu waliokuwa adui zake. Shule 41 alizozitaka hazikutimia katika uhai wake. Kazi hiyo haihitaji mtu wa meta 2.31.